Viti Visivyotaka Msumari

12 Oktoba

Babu Urbano amerudi kutoka hospitalini. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu wa kulia anauburuta, na maneno yake yote yamepotea isipokuwa moja: sawa. Mama alimpa uji, akasema sawa. Uji ulikuwa wa moto, ukamwunguza mdomo hadi machozi yakamtoka, akasema sawa. Baba mdogo Vitus alicheka huku anajifuta macho.

"Angalau Mzee amebaki na neno zuri," alisema. "Wengine hubaki na matusi."

Nimeanza kuandika kwa sababu mtihani wa kidato cha pili umekaribia na kila nikifungua kitabu namwangalia yeye. Nikiandika, angalau kalamu inatembea.

14 Oktoba

Upepo na vumbi. Babu ameshinda barazani kwenye kiti chake. Kila akijisogeza, kiti kinalia: kwii, kwii.

15 Oktoba

Nieleze viti, maana hakuna mwingine nyumbani anayeviwaza.

Viko vinne, vya mninga. Babu alivitengeneza akiwa kijana katika karakana ya misheni, chini ya mabwana wawili wasioelewana. Mmoja alikuwa Bruda Ermanno, mtawa Mwitaliano, ambaye kwao ukoo mzima ulikuwa wa mafundi viti. Yeye alitaka kila mguu uchongwe mwembamba mpaka mtu aogope kukikalia kiti, halafu akikalie kisivunjike. Wa pili alikuwa kijana wa kujitolea kutoka Japani, Bwana Sakai, ambaye kazi yake kubwa, kwa maneno ya Babu, ilikuwa kuondoa. Bruda anachonga ua kwenye mgongo wa kiti, Sakai analiondoa. Bruda anaongeza ubao, Sakai anauliza, "Huu unafanya nini?" Kama hakuna jibu, ubao unatoka. Walibishana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote, na wote hawakuijua vizuri. Aliyesimama katikati na msumeno akisubiri waelewane ni Babu.

Kilichobaki baada ya ubishi wao ni miguu minne, mikono miwili iliyopinda kidogo kama ya mtu anayetaka kukupokea, mgongo wa fito tatu, na kikalio cha kamba ya katani iliyosukwa. Hakuna msumari wala gundi. Ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye tundu la ubao mwingine, basi. Nilipokuwa darasa la nne nilimwuliza kwa nini vinalia kiangazi.

"Vinapumua," alisema. "Kiangazi mbao inakonda, masika inanenepa. Ukiibana, siku ya kunenepa itakwenda wapi?"

Chini ya kila kiti kuna herufi U ya rangi nyekundu, alama ya mwenye kiti, kama viti vyote hapa Izia vinavyoazimwa misibani, visije vikapotelea kwa watu. Sasa hivi nyumbani viko vitatu. Cha nne kilikwenda Pito kwenye msiba wa Mzee Alois, na mjane wake, Bibi Margareth, bado anakikalia. Hakuna anayeweza kumdai mjane kiti.

19 Oktoba

Leo nitaandika yote.

Baba mdogo ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa huu ni kazi yake, na tangu Baba yangu alipofariki yeye ndiye mwenye kauli nyumbani kwetu. Jana Babu aliyumba akiinuka, kiti kikalia sana, na Baba mdogo akaingiwa na hofu. Leo amekuja na nyundo, misumari, gundi nyeupe na kopo la vanishi.

"Shikamoo, Baba."

"Sawa."

"Baba, viti vyako vimelegea. Utaanguka. Nivikaze?"

"Sawa."

Baba mdogo akatugeukia mimi na Mama. "Mmesikia wenyewe."

Nikasema, "Babu alisema havitaki msumari."

"Nani kasema nini?" Kweli hakunisikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo. Hata shuleni walimu huniambia niongeze, nami nikiongeza inakatika.

"Siska, ongea kama mtu," alisema Mama.

Nikarudia.

"Alisema lini?" aliuliza Baba mdogo.

"Zamani."

"Zamani alikuwa anatembea, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kumchukia, na kazi hii yote ingekuwa rahisi kuiandika.

Alianza na kiti cha Babu mwenyewe. Alimhamishia Babu kwenye kiti cha pili, akamfunika blanketi miguuni, kisha akakilaza kile cha kwanza juu ya benchi mbele yake. Alipoweka msumari kwenye kiungo, Babu alinyoosha mkono wa kushoto akauweka palepale.

"Toa mkono, Baba, nisije nikakugonga." Baba mdogo aliuchukua kwa mikono yake yote miwili, taratibu kama anabeba yai, akaurudisha mapajani.

Babu akauleta tena.

"Mzee anataka kusaidia kazi!" Baba mdogo alifurahi. "Fundi ni fundi tu. Shemeji, umemwona?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Babu augue.

Mara ya tatu Baba mdogo aliniambia nikae karibu na Babu nimshike mkono. Nikaushika. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Kila nyundo ilipogonga uliruka ndani ya mikono yangu.

Kufikia jioni viti vyote vitatu vilikuwa vinang'aa kama chupa.

20 Oktoba

Viti havilii tena. Majirani wawili wamevisifia.

2 Novemba

Loth, rafiki wa Baba mdogo anayeendesha lori kwenda Zambia kupitia mpaka wa Kasesya, alipita kunywa chai. Alivitazama viti, akatoa simu, akavitazama tena.

"Mshikaji wangu, hivi viti nimeviona humu."

Akatuonyesha picha. Chumba cheupe kisicho na kitu, na katikati kiti kama cha Babu kabisa. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, nikaambiwa nisome: kiti cha kale cha wabunifu, wepesi wa Kijapani na ufundi wa Kiitaliano.

"Chumba chote hicho kiti kimoja?" aliuliza Mama. "Wageni wao wanakaa wapi?"

"Havikaliwi hivyo, shemeji. Vinatazamwa."

"Masikini," alisema Mama. Sikuelewa alimaanisha watu au kiti.

Baba mdogo aliegemea nyuma. "Na bado vya kwetu vinang'aa zaidi."

Ni kweli. Cha pichani kilikuwa kimefifia. Nilikuza picha kwa vidole. Kwenye kiungo cha mkono palikuwa na mwanya mwembamba kama unywele. Hakuna aliyeuziba, na kiti kimesimama miaka yote hiyo. Nilimpelekea Babu simu. Alitazama mpaka kioo kikazimika. Akasema sawa, akageuza uso.

12 Novemba

Hisabati leo. Mawingu yamekaa upande wa ziwa.

18 Novemba

Mvua ya kwanza, na mawe ndani yake. Yaligonga bati hatukusikilizana. Mama alisimama mlangoni akiangalia udongo unavyokunywa, akasema mwaka huu mahindi yatakuwa mazuri. Nilifurahi kidogo. Halafu nikavikumbuka viti.

27 Novemba

Mvua kila siku, na asubuhi ukungu unaingia hadi sebuleni. Nguo hazikauki, chumvi imelowa kwenye kopo. Leo mchana tulikuwa tunachambua maharage na Mama, kiti kilicho karibu na mlango kikatoa mlio mmoja: tak. Hakuna aliyekuwa amekikalia.

"Panya," alisema Mama.

Babu aliinua kichwa.

3 Desemba

Si panya. Mguu wa nyuma una ufa unaoanzia kwenye msumari.

5 Desemba

Nilikwenda kwa Baba mdogo kwenye karakana yake nikangoja azime mashine. Nilimwambia mbao imenenepa na misumari imeizuia, ndiyo maana inapasuka. Safari hii alinisikia. Alikuja na koleo, akang'oa msumari mmoja, ukatoka na kipande cha mninga, maana gundi ilikuwa imeshika. Akakiangalia kile kipande kiganjani.

"Chuma hakifanyi hivi," alisema.

Akakichovya kwenye gundi akakirudisha.

14 Desemba

Tak.

16 Desemba

Cha mlangoni kimeachana kabisa. Mama amekiegesha jikoni. Hajasema ni kuni, lakini kipo jikoni.

25 Desemba

Tulikuwa tumerudi kanisani. Baba mdogo alileta kuku na soda, redio ilikuwa inaimba, na Babu alikuwa amevaa koti lake la harusi. Kuna jambo alilokuwa amejifunza mwenyewe tangu atoke hospitalini. Hushika mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto, huinama mbele, kiti nacho hujipinda kidogo na kumsukuma, naye husimama. Peke yake. Halafu huenda chooni akishika ukuta, na hurudi. Hilo ndilo jambo lake moja ambalo hakuna anayemfanyia. Misumari ilipoingia kiti kiliacha kujipinda, lakini aliendelea kujaribu, na mara nyingi aliweza.

Leo aliinama mbele, mkono wa kiti ukapasuka kwa urefu wote na kubaki kiganjani mwake. Alianguka kifudifudi kwenye sahani ya wali.

Hakuumia sana, mdomo tu. Lakini alipoinuliwa alikuwa bado ameshikilia ule ubao, na hakutaka kuuachia. Baba mdogo alipiga magoti mbele yake na suti yake ya Krismasi.

"Nisamehe, Baba. Unanisamehe?"

"Sawa," alisema Babu.

Nilitoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyeweza kujua.

9 Januari

Shule imefunguliwa. Kidato cha tatu. Kiti cha tatu nacho kina ufa.

21 Januari

Baba mdogo amenunua kiti cha plastiki cha kijani. Babu akikaa, miguu ya kiti inatawanyika. Hawezi kuinuka. Anangoja mimi au Mama tumnyanyue kwapani. Nikiwa shuleni na Mama akiwa shambani, anangoja. Leo nilipofika nyumbani suruali yake ilikuwa imelowa, na kuku alikuwa amelala kwenye miguu yake.

"Pole, Babu," nilisema.

"Sawa."

22 Januari

Nimeandika barua ya Kiingereza ya zoezi, "My Holiday". Nimeandika kwamba tulikula kuku.

14 Februari

Kiti cha nne kimerudi! Shangazi Monika, dada yake Baba mdogo, anayekaa Pito, amekuja nacho kwenye bodaboda, kimepinduliwa kichwani kwake kama kofia dhidi ya mvua. Bibi Margareth amehamia kwa mwanawe na amekirudisha na asante ya unga wa ulezi.

Hakina msumari. Nilipitisha kidole kwenye kila kiungo. Mbao imekutana na mbao huwezi kuingiza hata karatasi. Kimenenepa, kimejikaza chenyewe. Tulimkalisha Babu. Alikaa kidogo, akashika mkono wa kiti, akainama mbele, akasimama.

 Alikuwa anatweta na kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

16 Februari

Hii ndiyo siku.

Shangazi alilala hapa, na Baba mdogo akaja na vyuma vinne alivyovikunja mwenyewe kuwa pembe, vimetobolewa matundu ya skrubu.

"Kosa langu lilikuwa misumari," alisema. "Msumari ni kitu kidogo. Hiki nakifunga vyuma pembe zote. Hata tembo akae."

"Kiache tu, Vitus," alisema Mama.

"Nikiache kiangazi kije kilegee, aanguke tena mikononi mwangu? Mimi?" Sauti yake ilipanda. Nadhani hajalala vizuri tangu Krismasi. "Kiti ni chake, tumuulize mwenyewe. Baba, nikifunge vyuma?"

"Sawa."

"Basi."

Alianza kuchagua skrubu. Nilitazama kile kiti, nikatazama matundu yale manne. Nilijua kwamba kiti hiki kikiisha, Babu hatasimama tena. Nikasimama mimi.

"Babu," nilisema, na sauti ilitoka. "Tukipasue kiti hiki tupikie?"

"Sawa."

"Siska!" alisema Shangazi.

"Babu, tukitupe mtoni?"

"Sawa."

"Babu, mimi ni mjukuu wako?"

"Sawa."

"Mimi si mjukuu wako?"

"Sawa."

 Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Baba mdogo alirudisha skrubu moja moja mfukoni.

"Kumbe," alisema. "Kumbe muda wote huu nilikuwa naongea peke yangu."

Aliondoka na vyuma vyake. Kiti kimepona.

Halafu nikamwangalia Babu. Nilikuwa nimewaza kila mtu chumbani ataelewa nini, isipokuwa yeye. Naye anaelewa kila kitu, amepoteza maneno tu. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyefunuliwa shuka mbele ya watu.

17 Februari

Hajasema sawa leo.

20 Februari

Wala leo.

2 Machi

Kabla ya siku ile ya vyuma, Mama alikuwa akimwuliza, "Baba, tunyoe hayo masharubu? Uji unaganda." Yeye husema sawa na kugeuza uso upande wa pili. Mama hucheka na kuyaacha. Jana Mama aliyanyoa. Hakuuliza. Babu hakugeuza uso.

Sura yake ni ya mtu mwingine.

10 Machi

Kitanda chake kimehamishiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya baridi. Redio yake amepewa Shangazi. Wanaamua wakiwa wamesimama juu ya kichwa chake. Si wabaya. Wanasema, "Hata tukimwuliza, Siska si alituonyesha?" Ni kweli, niliwaonyesha mimi.

Anasimama peke yake na kwenda chooni. Hilo limebaki. Najaribu kulikumbuka.

23 Machi

Mvua. Kemia.

5 Aprili

Nimekaa karibu naye nikamsomea. Nikifika mwisho wa ukurasa namwuliza, "Niendelee, Babu?" Hajibu. Naendelea. Sijui ni kwa ajili yake au yangu.

19 Aprili

Niliomba msamaha leo. Niliomba kwa sauti ndogo, halafu nikaogopa kwamba hakusikia, halafu nikaogopa kwamba alisikia.

8 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi ni baridi kali na anga halina kitu. Mama na wenzake wameanza kuvuna ulezi.

24 Mei

Upepo umerudi. Nilikuwa barazani na Babu namsomea historia, akajisogeza, na kiti kikalia: kwii.

Baba mdogo alikuwa anapita na nyundo, ametoka kunyoosha geti la jirani. Akasimama. Kiti kikalia tena.

"Siska, kimeanza," alisema.

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Nikikaze? Au nikiache?"

Aliniuliza mimi. Siku hizi wote huniuliza mimi. Babu alikuwa katikati yetu, anatazama barabara.

"Mwulize mwenyewe," nilisema.

"Lakini wewe ndiye uliyetuonyesha..."

"Naomba umwulize."

Nadhani alitaka kukataa. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti hadi uso wake ukawa chini ya uso wa Babu.

"Shikamoo, Baba. Kiti chako kinalia. Nikikaze?"

Babu hakumtazama. Nilidhani ndiyo basi. Bodaboda ilipita, vumbi lake likafika hadi kwetu na kutulia, na Baba mdogo hakuinuka. Nami sikufungua kitabu. Tulingoja.

Blanketi likasogea. Mkono wa kushoto ukatoka, ukaenda polepole hadi kwenye kiungo cha kiti, ukakifunika, vidole vikakaza.

"Sawa," alisema Babu.

Baba mdogo aliutazama mkono ule. Aliutazama muda mrefu, kisha akaiweka nyundo chini, nyuma yake, mahali Babu asipoweza kuiona.

Mkono ulibaki palepale. Safari hii hakuna aliyemwambia autoe.